Bega

Gazeti limeandika: mwamuzi mashuhuri, fainali tatu,
kadi nyekundu mia moja na kumi na nne,
amefariki usingizini mjini Paysandú.
Halikuandika unga.

Mimi niliukumbuka unga kwanza.
Eleuterio Barrandeguy alikuwa mwokaji mikate.
Saa nane za usiku yuko mbele ya tanuri,
saa kumi za jioni yuko katikati ya uwanja,
unga umemganda kwenye kucha, kwenye nyusi,
hata ndani ya kipenga, ambacho Jumapili moja ya baridi
kilikataa kulia, kikatema vumbi jeupe,
na watu ishirini na wawili wakashika mbavu kwa kicheko.
Ndiyo mara pekee nilipomwona akiona haya.

Alianzia nyuma ya kiwanda cha ngozi,
ambako magoli yalikuwa magogo ya mkaratusi
na ng'ombe akiingia, mpira ni wake.
Hakuwa na mbio; alikuwa na kuwahi.
Mguu haujaligusa goti la mtu, yeye kashafika,
mkono mmoja mgongoni,
kama anayesubiri chenji dukani.
"Tukana, mwanangu," humwambia beki aliyepandisha,
"ila polepole, kalamu yangu ni ya risasi."

Walimrushia machungwa. Betri za redio.
Mara moja kiatu cha mtoto:
alikaa nacho mfukoni hadi mapumziko,
akazunguka jukwaani akiuliza nani kavaa kimoja.
Zulma, mkewe, alimshonea mfuko wa kadi nyekundu
upande wa moyo, kwa uzi mgumu,
ili kuitoa kumpe taabu kidogo.

Halafu Montevideo, mwaka ule wa mvua nyingi.
Dakika ya themanini na nane.
Ladislao Techera alipiga akiwa anaanguka,
mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukashuka,
ukadunda ndani.
Nasema leo: ulidunda ndani, upana wa mkate mzima.
Eleuterio alikuwa amezibwa na msitu wa miguu.
Akanitazama mimi.
Nyuma yangu, karibu na sikio,
mtu alikuwa akitaja, taratibu, kama anayesali,
jina la mtaa wetu na namba ya nyumba yangu.
Kibendera kilikuwa na uzito wa gunia.
Akangoja. Aliningoja mpaka hakuna tena kungoja,
kisha akatandaza mikono: mchezo uendelee.

Walivunja kioo cha duka lake. Miezi mitatu
mikate yake waliila nguruwe wa jirani.
Redioni wakamuuliza, mshika kibendera je?
"Kipenga kilikuwa mdomoni mwangu," akajibu,
akaomba wapige muziki.

Ndani ya basi la kurudi, usiku ule,
alikata mkate katikati, akanipa kipande kikubwa.
"Bega linakuuma?" akaniuliza.
Nikasema, ndiyo, linaniuma.
"Basi lipumzishe."
Hakuongeza neno. Miaka arobaini na moja,
kila majira ya baridi, juu ya kibuyu chetu cha yerba,
aliniuliza tu hali ya bega,
na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nalisugua.

Jana tulimzika. Jeneza lilikuwa jepesi,
wazee huondoka kidogo kidogo kabla ya siku yao.
Techera alikuja na fimbo, suti imemzidi,
na chini ya kwapa mkate umefungwa gazetini:
hakuacha kununua pale, wala hakuwahi kusalimia.
Kwenye kona ya lango la makaburi nikayumba.
Akanisogelea, akaweka kiganja chini ya ubao.
"Nikupokee?" akasema. "Naona bega linakuuma."

Hapana, nikamwambia.
Halijawahi kuniuma.

Akasimama.
Watu wa nyuma wakatugonga visigino,
wakiuliza mbona hatuendi.