Vikombe Visigusane

Maji hayapandi mlima, husema watu.
Waliosema hawakukaa Mtaa wa Mwerezi,
ubavuni mwa kilima, juu ya Ziwa Superior,
ambako maji yamepanda tangu mwaka hamsini na nane,
usiku na mchana, Krismasi na matanga,
yakisukumwa na banda la matofali
lililo hatua kumi na tisa kutoka dirisha letu la jikoni.

Nilizihesabu nikiwa mtoto.
Nikazihesabu tena majuzi kwa miguu ya mtu mzima:
kumi na moja.

Halikunguruma, la. Liliguna,
kama mtu anayekubali jambo asilolipenda.
Mguno ulipita ardhini, ukaingia ukutani,
ukapanda kabatini, ukavikuta vikombe vimekaribiana,
navyo vikaanza: ti-ti-ti-ti-ti.
"Visigusane," mama alisema. "Acha nafasi ya kidole."
Kidole chake, si changu.

Mama, Verna Koskela, karani wa duka la rangi,
aliiandikia manispaa barua kumi na saba
na hakutukana hata mara moja.
Aliandika: Mota ya pili imeanza kupiga chafya.
Aliandika: Vali inavuja, barafu imefika ngazi yangu ya tatu.
Aliandika: Huu ni usiku wa sita mume wangu hajalala,
naye huendesha treni ya madini. Fikirini.

Kila Jumanne alikuja Lyle, fundi, na kopo la mafuta.
Aliilaza kiganja mota kama anayepima homa ya mtoto.
"Bado ina miaka miwili," alisema.
Alisema hivyo kwa miaka ishirini.

Mwishowe tukaitwa, kwenye viti vya kukunja, chini ya kanisa.
Mhandisi Ojard alitandaza mchoro, akauzuia kwa birika la kahawa.
Vipuri havitengenezwi tena, alisema.
Bomba likipasuka Januari, kilima chote kitakauka,
na hospitali pia.
Pampu mpya zitakaa chini ya ardhi, juu ya mipira minene.
Na juu yake, mtaa usichukize,
nyumba ya uongo: kibaraza, paa la vigae,
madirisha mawili yaliyochorwa pamoja na mapazia.

Bwana Tveit aliuliza bei ya nyumba zetu itakuwaje.
Bi Mai Chue Vang aliuliza nyanya zake zitanywa nini.
Mimi niliuliza kama kuna mtu aliyewahi kulalamika.
Akafungua jalada.
Nikaujua mwandiko kabla hajausoma,
ile K iliyoegemea kama mwanamke aliyebeba ndoo.
Zote kumi na saba.
Kila moja na mhuri wake mwekundu: IMEPOKELEWA.

Mama ana miaka tisa kaburini.

Winchi ilikuja Septemba.
Mota ya pili ilitoka kupitia paa,
ikabembea, ikichuruza mafuta meusi, ndogo kuliko nilivyodhani.
Lyle alikuwepo, amevaa koti la ibada.
Alivua glavu moja, akabaki ameishika.

Tulipigia kura rangi ya mapazia ya uongo.
Kijani kilishinda kwa kura tatu.
Mama angejua jina la kijani kile
na namba yake kwenye kopo.

Sasa ni nyumba namba kumi na sita.
Kijana wa pitsa ameshaigonga mara mbili.
Theluji hukaa juu ya paa lake bila kuyeyuka,
kwa kuwa ndani hakuna anayepika.
Na maji yanapanda, nasikia wanasema, kuliko zamani;
mimi sisikii kitu.

Jana nilivifuta vikombe, nikavirudisha kabatini.
Nilikuwa nimekwisha funga mlango
nilipoona nilivyovipanga:
kimoja, kidole,
kimoja, kidole.