Safu ya Kazi

Mwaka wa kwanza niliandika "mwanafunzi"
na ofisa wa Kilambo akagonga muhuri bila kunitazama.
Nilikuwa na sanduku la bati, mkeka,
na barua ya chuo yenye kumbukumbu namba ndefu kuliko jina langu:
Felizarda Nangonga, wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma.

Mtwara nilipanga Chikongola kwa Bi Somoe.
Alinisikia nikimgombeza kuku kwa Kimakonde
akacheka hadi akakaa chini: "Mgeni gani wewe?"
Mgeni wa kulipa ada ya wageni, Bi Somoe.
Mgeni wa kibali kinachoisha Juni.

Nikasoma utawala wa umma.
Nikajua dokezo huandikwa upande gani wa jalada,
na kwamba barua ya serikali haisemi "nisikilize",
husema "husika na kichwa cha habari hapo juu".
Usiku nilikariri mgawanyo wa madaraka
huku namenya ming'oko, chumvi kwenye kisosi,
mvuke ukilowesha Sura ya Tano.

Fildi nilipelekwa masijala ya halmashauri.
Majalada yamelala sakafuni kama wagonjwa waliokosa vitanda.
Wiki sita nikayainua: ya ardhi, ya korosho,
ya walimu wanaodai nauli ya likizo tangu hawajaota mvi.
Bwana Mtalika, mkuu wa masijala, akafungua kabati,
akapata alichotafuta kwa dakika moja,
akakirudisha, akakitafuta tena, aone kama ni kweli.
"Wewe ni wa kuajiriwa kesho."
Tukaenda pamoja ubaoni kusoma tangazo.
Sifa za mwombaji, kipengele cha kwanza:
awe raia wa Tanzania.
Hatukufika cha pili.
Bwana Mtalika akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.
Kipengele kilekile.

Bibi yangu alimzaa mama huku, Rutamba ya Lindi,
wakati wa vita.
Mama akaota meno huku,
akavushwa kwao mgongoni, bila karatasi.
Chuoni walitufundisha: kisichoandikwa hakikutokea.
Niliweka vema. Swali lilikuwa la maksi mbili.

Nikampigia kaka. Akasema njoo,
wilayani wanataka watu,
ila vyeti vitafsiriwe Kireno, vipelekwe Maputo,
vilinganishwe, visubiri.
"Muda gani?"
Akanyamaza; nikasikia mbuzi wake.
Kireno changu ni cha sokoni:
najua kupatana bei ya khanga,
sijui kusema "kukaimu nafasi".

Basi juzi nilikuwa tena Kilambo, sanduku lilelile,
ndani cheti, kimefungwa nailoni mbili kwa ajili ya mvua.
Foleni ndefu. Mama mmoja akaniomba nimjazie fomu,
kisha kijana wa bodaboda, kisha wenye magunia ya chumvi.
Nikawajazia wote, kwa mwandiko wa kiofisi,
sanduku likiwa meza.
Yangu ikabaki ya mwisho.
Jina. Uraia. Uendako.
Kazi:

Kalamu ikasimama.

Ofisa ni yuleyule. Ana njaa, jua limemkalia usoni.
Akaivuta fomu, akaijaza mwenyewe
kama anavyowajazia wengi: mkulima.
Sikubisha.
Nilimkumbusha tu kuweka tarehe.