Kizibo Kimekwama

Wabunge wamefunga mabegi, bajeti imepita,
vyumba vyetu vya Ipagala vimebaki na harufu ya sabuni.
Kipupwe hakikupiga hodi. Kimeingia tu,
kimeteremka na upepo wa vilima vya Ntyuka,
vumbi jekundu kwenye meno,
na leo alfajiri chura alifika ukingoni mwa bwawa,
akagusa maji kwa mguu mmoja, akaghairi.

Bosi amepiga simu kutoka Dar:
"Mbeleje, funga bwawa hadi Nane Nane."
Kufunga ni neno jepesi mdomoni mwa aliye kwenye joto.

Nimeanza na ngazi. Nati nne zenye kutu
nimezitia kwenye pakiti tupu ya maziwa,
nikaandika kwa wino mzito: ZA NGAZI, USITUPE.
Wavu wa kuopolea majani una mpini mrefu
usiotosha popote ila juu ya kenchi.
Pampu nimeiinamisha; ikatapika, ikakohoa,
ikatapika tena tone la mwisho.
Mpira wake wa pete nimeupaka mafuta ya mgando,
yale yale ya visigino vyangu vilivyopasuka.
Tuko sawa mimi nayo, msimu huu wa kukauka.

Klorini haikai na mwenziwe. Hilo alinifundisha Ndahani:
"Hii ina wivu. Ilaze karibu na mafuta ya taa
uone kitakachowaka."
Nimeipandisha juu ya matofali, peke yake,
mbali na magunia ya uwele ya mama yake bosi,
mbali na madebe ya alizeti.

Mama yangu kule Mvumi huweka mbegu kibuyuni na majivu,
akaziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe.
Nami nimeziba midomo ya mabomba kwa matambara,
maana mwaka jana panya walikula mita tatu za bomba
wakaacha mahindi pembeni,
na mshahara uliokatwa haukuwa wa panya.

Maji yenyewe sijayamwaga. Nani amwage maji Dodoma,
foleni ya ndoo inapoamka kabla ya jogoo?
Nimeyafunika turubai, nikalikandamiza kwa mawe.
Jirani mwenye ng'ombe saba akachungulia ukutani:
"Kumbe siku hizi maji nayo huvishwa nguo."
Nikamwambia yana dawa.
"Hata ng'ombe wangu nawapa dawa," akasema,
akaondoka bila kuaga.

Yamebaki maboya ya watoto:
mamba wa kijani, maduara mawili, bata.
Ukifungua kizibo na kulikumbatia boya,
hewa hutoka polepole, ina harufu ya plastiki
na ya mdomo wa mtu.
Ni hewa ya Pasaka. Tuliyajaza kwa kupuliza,
mimi mamba na maduara, Ndahani bata,
akipuliza kwa mafungu, mkono ubavuni,
akicheka kwamba kifua chake kimemtangulia uzeeni.

Mwezi wa tano walimrudisha Kongwa kwa basi,
picha za mapafu kwenye bahasha kubwa ya kaki.
Sasa nikimpigia husema maneno mawili,
hupumzika, maneno mawili.
"Pampu... umeiinamisha?"
Nimeiinamisha.
"Klorini... iko juu?"
Iko juu.
Kisha nasikia upepo wa kwao, au ni yeye.

Mamba amelala, amekuwa kitambaa.
Maduara nimeyakunja, nimeyanyunyizia poda.
Bata nimekaa naye kwapani hadi giza,
baridi ya sakafu ikinipanda magotini,
kidole juu ya kizibo.

Yuko kwenye kenchi, kavimba vile vile,
anatazama mlango.
Bosi akija kuuliza mbona anakula nafasi,
nitamwambia kizibo kimekwama.