Mbuzi Yuko Nyuma

Duluth, Januari. Ziwa limeganda hadi macho yanapokoma,
nami nimesimama mbele ya rafu ya saba
chini ya taa nyeupe kama za chumba cha upasuaji.
Miwani nimeisahau juu ya jokofu.

Aune ndiye aliyekuwa akisoma.
Tangu siku daktari alipolitaja lile neno
nami nikainamia viatu vyangu,
yeye alishika kila kopo, kila pakiti,
akaligeuza kama mama anayekagua masikio ya mwana
kabla ya ibada.
"Toivo, mbele ni gunia," angesema.
"Mbuzi yuko nyuma. Geuza."
Tangu Oktoba, Aune hasomi kitu.

Nesi ameniandikia kikaratasi:
umekonda, unywe protini asubuhi,
sukari iwe kidogo, lakini tazama wanga wote,
na figo tutazipima tena mwezi wa tatu.
Herufi za nesi ni kubwa, zimenenepa kwa huruma.
Herufi za chupa ni mayai ya chawa.

Miaka thelathini nilipakia madini ya chuma melini,
tani kwa tani, sikuwahi kukosea hesabu.
Leo gramu zinanishinda.

Kijana anapanga maboksi. Kifuani ana jina: Kongmeng.
"Mwanangu, nisomee."
Hashangai. Anafuta mikono kwenye aproni.

Ya kwanza ina mwanamume anayekimbia mlimani,
misuli kama mikate.
"Sukari, gramu ishirini na mbili."
Rudisha. Akimbie peke yake.

Ya pili ina jani la kijani na maneno *utamu wa asili*.
"Geuza."
"Tende. Asali. Maji ya miwa."
Tunatazamana, tunacheka kama wezi wawili.
Damu yangu haiulizi sukari imezaliwa wapi.

Ya tatu: "Gramu nne tu, mzee!"
"Kwa chupa nzima?"
Kimya. Kidole chake kinapanda, kinashuka.
"Kwa nusu."
"Na nani duniani hunywa nusu chupa?"
"Bibi yangu," anasema.
"Anafunika iliyobaki kwa sahani,
anasema hiyo ni mali ya kesho."

Ndipo ananieleza, huku akisahau maboksi:
bibi hajui herufi za huku,
kila Jumamosi humsomea lebo kwa Kihmong,
na neno *wanga* lilipomsumbua ulimini
akalitafsiri hivi: mchele usioonekana.
"Bibi, humu mna vijiko vitatu vya mchele usioonekana."
Bibi huitikia kwa kichwa. Mchele anaujua.

Tulisoma chupa kumi na moja.
Mwanamke mwenye kikapu alitupita mara mbili
akidhani tunagombana.
Ya kumi na moja ilikuwa mbaya wa sura, rangi ya kijivu,
bila mlima, bila jani:
sukari moja, wanga tano, protini thelathini, chupa nzima,
nikamwambia arudie hiyo *nzima*
akarudia.
Nilichukua mbili. Bei yake sitaitaja, Aune asije akafufuka.

Nyumbani niliitikisa, nikaionja.
Vanila, wanasema. Ni chaki
ile ya shule, tuliyokuwa tukiilamba kwa kushindana.
Nikanyoosha mkono juu ya jokofu kuchukua miwani
na chini yake palikuwa na picha yetu, ya ufukweni Park Point,
nina nywele, yeye amefumba jicho kwa jua.
Sijui kwa nini, mkono wenyewe uliigeuza.

Nyuma, kwa kalamu ya wino wa buluu:
*Julai. Toivo aiskrimu tatu. Amekiri mbili.*

Nikaketi.
Nusu ya pili ilikuwa mali ya kesho, lakini niliimaliza.