Mtungi wa Lita Kumi

Dukani kwa Zvonko, Komiža, mitungi imesimama
kama wanafunzi waliochelewa, migongo ukutani.
"Chukua wa kumi na tano," asema, "kaka yako aliupenda."
Naam. Kaka alikuwa na mapafu ya farasi
na mgongo mpana kama mlango.
Mimi nikiubeba, kitako chake chanigonga mapajani.

Nauliza wa alumini. Acheka:
"Huo ukiisha hewa hugeuka boya, utakunyanyua
pale pale unapotakiwa kutulia, mita tano,
ukihesabu dakika. Debe tupu, dada."

Basi chuma.
Naigeuza mmoja mmoja, nasoma mihuri shingoni:
huu ulipimwa mwaka jana;
huu, Zvonko akingali na nywele.
Nagonga mmoja kwa pete: walia kengele ndefu, safi.
Wa pili wakohoa. Kutu tumboni.

Wa lita kumi, mfupi, rangi imembanduka begani.
"Mdogo huo," asema. "Utaona nini?"

Nitaona nusu ya alichokiona kaka,
kisha nitapanda ngazi, maji yakinichuruzika,
nimuulize mama kama supu ya dengu ingali moto.