Siku ya Kumi na Tisa

Siku ya kumi na tisa yai huanza kusema.
Liweke sikioni: kuna kitu kinagonga ukuta kwa ndani,
ta, ta,
kama mgeni asiye na haraka.

Ndiyo siku waliyokata umeme, mwaka ule, hapa Pasua.
Mayai mia mbili na arobaini,
mablanketi matatu, maji ya moto kwenye chupa za soda,
na mimi sakafuni nimezikumbatia trei
kama kuku mkubwa, mjinga, asiye na manyoya.
LUKU ilikuwa na uniti. Uniti tele.
Uniti hazitotolesha yai.

Alfajiri nikatega sikio tena.
Kimya kina uzito. Nilikibeba kwenye ndoo
hadi nyuma ya banda, nikachimba.

Nisikuchoshe. Kikoba kilipovunjwa
nikauza na cherehani, nikampigia Aikunda,
binti aliyesomea ufundi VETA,
apandaye paa kwa suruali ya kaka yake,
penseli sikioni.
Alipanda, akapima, akashuka taratibu.
"Mama, paa lako dogo."
Najua. Nusu ya bati ni ya shemeji,
na shemeji hataki hata kunguru atue upande wake.
"Halafu na huu."

Mgrevilea.
Ndetaulwa aliupanda mwaka tulipohamia:
jua la Moshi kali, mke wangu, utakuja kunishukuru.
Nimeshukuru miaka kumi na minane.
Sasa kivuli chake hulala juu ya paa
kuanzia saa tisa alasiri, kama mwenye nyumba.

Paneli za kawaida, alisema Aikunda, zitatakiwa nne,
na nne zitataka mti ulale.
Ziko hizi nyingine, nyeusi tii.
Mbili tu. Bei yake inakausha mate.
Lakini jua lilelile linalomwangukia jirani
hizi hulikamua zaidi.

Nikamkumbuka wifi yangu wa Kibosho:
ng'ombe anayewapa watoto wake lita nne
yeye humtoa sita, na ng'ombe halalamiki.
Ng'ombe yuleyule. Mkono ndio tofauti.
Nikalipia mkono.

Mti tuliupunguza matawi mawili ya magharibi.
Nilisimama chini nikisema pole, pole,
sijui kwa mti, sijui kwa nani.

"Zitaangalia wapi?" nikauliza.
"Kaskazini, mama. Ikweta iko huko."
Kaskazini ni Kibo.
Wazee wetu walilazwa uso ukielekea Kibo.
Ndetaulwa naye, kule juu, katikati ya migomba.
Sikumwambia binti kitu. Nilimwacha akaze nati.

Usidhani nimepona kabisa.
Mwezi wa saba mlima hujifunika wiki nzima,
paneli zinaramba mwanga kama mtoto anayeramba sufuria,
na saa kumi za usiku betri inaanza kulia.
TANESCO sijaiaga. Tunasalimiana.
Kila Jumamosi napanda ngazi na tambara,
nafuta vumbi, nafuta na salamu za kunguru
waliofukuzwa upande wa pili.

Juzi umeme ulikatika tena, saa mbili usiku.
Mtaa ukazama. Kwangu balbu ya mashine
iliendelea kuwaka, njano, bila majivuno.
Walikuja na simu zao, mmoja mmoja.
Wa mwisho alisimama mlangoni muda mrefu
mikono nyuma, akikagua dari.
Shemeji.
"Hivi," akakohoa, "upande wangu
zingeingia ngapi?"

Sikujibu. Ilikuwa siku ya kumi na tisa.
Nilichukua yai moja, la moto,
nikamwekea sikioni,
nikamwona anaacha kupumua
ili asikie.