Mbavu za kwa Semkiwa

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
meza ya chuma, kiti kimoja mguu wake tofali.
Kaka yangu Mhina katoka Dar na bahasha:
nyumba ya mama iuzwe, nitie sahihi tu.

"Kula kwanza."

Semkiwa anatua sinia. Mbavu za mbuzi,
nyeusi pembeni, bado zinanong'ona mkaa,
ukwaju umeziganda,
ndimu, pilipili ya kukohoza.
Uma hakuna. Hapa huulizwi cheo,
unaulizwa meno.

Mhina anakunja mikono ya shati la mikutano.
Wa kwanza anaung'ata kwa adabu.
Wa tatu anaufyonza mpaka unalia filimbi,
mafuta yanamteremka hadi kwenye saa.

"Mama alikuwa anatuachia hii ncha laini,
tunaipigania."
"Wewe ndiye ulikuwa ukishinda."
"Wewe ndiye ulikuwa ukilia."
Anacheka, ubavu kaushika.

Ananisogezea kalamu. Namwonyesha vidole:
vyote kumi vinang'aa.
Maji ya kunawa yameisha, anasema Semkiwa,
ngojeni kijana arudi na ndoo.

Tunangoja.
Bahasha inakunywa mafuta taratibu.
Naagiza nusu nyingine.